Kazi Yangu Ilikuwa F6

Desemba iliyopita nilipanda basi kwenda Muheza nikiwa na bisibisi, waya wa kuunganishia diski kwenye laptopu, na uongo mdogo niliomwambia msimamizi wangu wa tasnifu: kwamba rekodi za bibi zipo. Ukweli ni kwamba sikujua kama zipo. Nilichojua ni kwamba zilikuwa ndani ya CPU nyeusi iliyokaa juu ya kabati la ba mdogo tangu 2018, imefunikwa kanga, na kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kuitaja mbele ya baba.

Nasoma shahada ya uzamili ya isimu pale Mlimani. Ninaandika kuhusu masimulizi ya Kibondei, lugha ya bibi, ambayo naielewa vizuri na kuizungumza vibaya. Bibi alifariki 2009. Ba mdogo ndiye aliyemrekodi, kwanza kwa redio kaseti, kisha mwaka 2006 akazihamishia kaseti zote kwenye kompyuta kwa waya mmoja mwembamba, jioni baada ya jioni, hadithi ishirini na tatu. Alipomaliza, kaseti zenyewe akazirekodia taarabu za redioni. "Si zimo kwenye kompyuta?" Wakati ule kila mtu alimwona ana akili.

Kompyuta hiyo aliiunda kwa mikono yake mwaka 2005. Baba alitoa mtaji wa kufungua stesheni: kuchapa barua, kutoa kopi, kuandika vyeti vya mashindano ya shule. Ba mdogo, badala ya kununua kompyuta iliyokwisha kufungwa, alikwenda Kariakoo akarudi na vipande ndani ya mfuko wa rambo: mazabodi ya Pentium 4, memori, kasha, na diski mbili za gigabaiti 80 kila moja. Mbili, kwa sababu alitaka pia kuhariri video za harusi na alitaka kasi.

Mwaka 2018 biashara ilikufa, CPU ikahamishiwa nyumbani, ikakaa miezi bila kuchomekwa kwenye umeme. Ilipowashwa tena ilikataa. Fundi mmoja wa mjini akaitazama siku mbili, akasema diski zote mbili zimekufa. Baba aliposikia, alimwambia mdogo wake neno ambalo sitaliandika hapa. Tangu hapo wanasalimiana misibani.

"Shikamoo ba mdogo."

"Marahaba mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Umekuja kuniamshia maiti?"

Nilishusha CPU, nikaipeleka uani, nikapuliza vumbi mpaka kuku wakakimbia. Nilipoiwasha feni zilizunguka. Skrini ikaniambia kwamba kumbukumbu ya mipangilio imeharibika, na kunipa njia mbili: F1 kuingia kwenye mipangilio, F2 kupakia mipangilio ya kiwandani na kuendelea. Nilibonyeza F2. Nani habonyezi F2? Mtu mwenye haraka huona neno "kuendelea" peke yake. Sekunde chache baadaye ukatokea mstari mweupe juu ya skrini nyeusi: kosa la kusoma diski limetokea, bonyeza Ctrl+Alt+Del kuanza upya. Nikaanza upya. Ukarudi uleule.

Nilimwelewa yule fundi. Mashine yenyewe imekiri kwa maandishi kwamba diski haisomeki, wewe ni nani ubishe?

Nilizitoa diski, nikaichomeka ya kwanza kwenye laptopu yangu yenye Linux. Iliunguruma kawaida, haikugonga wala kukwaruza. Lakini jedwali la migawanyo lilikuwa na kichekesho: lilisema kuna mgawanyo mmoja wa gigabaiti 149. Nikaigeuza diski, nikasoma karatasi yake: 80. Ni sawa na kukuta kwenye hati kwamba chumba ni kikubwa kuliko nyumba. Ya pili haikuwa na jedwali kabisa. Kwenye Windows diski kama hiyo huletewa swali moja: unataka kuianzisha upya (initialize)? Hilo ndilo swali alilolikuta fundi mwaka 2018, na namshukuru mpaka leo kwamba alijibu hapana.

Mimi nilikaribia kufanya kosa baya kuliko lake. Niliamini jedwali limeoza. Nilikuwa na programu ya kuandika jedwali jipya juu ya lile la zamani, nimekwisha kuifungua, kidole kiko juu ya Enter. Kilichonizuia si elimu. Ni ba mdogo, aliyekuja na chai na sahani ya mihogo, akasimama nyuma yangu, akasema, "Mama, hivi siyo wewe uliyekuwa unanibonyezea F6?"

Nilikuwa nimesahau kabisa.

Nilikuwa na miaka saba, darasa la kwanza. Kwa usiku tatu mfululizo ba mdogo alikuwa anajaribu kuweka Windows XP kwenye ile kompyuta mpya. Kwanza alijaribu njia ya mkato: alichukua diski ya kompyuta nyingine iliyokuwa na Windows tayari, akanakili kila kitu. Ikawaka, ikaonyesha nembo, halafu skrini nzima ikawa bluu, na chini yake namba ndefu, 0x0000007B. Niliikariri kwa sababu ilikuwa na sifuri nyingi na mwishoni herufi moja kama imepotea njia. Akaamua kuanza upya kwa sidii. Sidii ikafanya kazi nusu saa ikamwambia haioni diski yoyote. Diski mbili mpya, bado zinanukia kiwanda!

Leo naweza kueleza alichokuwa akipambana nacho. Kompyuta inapowaka, anayesoma diski ni BIOS, programu ndogo iliyo kwenye mazabodi. Windows ikishaamka haitaki tena kuendeshwa na BIOS. Inadai usukani, na kuanzia hapo inasoma diski kwa draiva yake yenyewe. Kama haina draiva ya ile kontrola ya diski, basi sekunde ileile inapokabidhiwa usukani inakuwa kipofu. Ndiyo maana nembo huonekana kwanza, kisha bluu. Na XP ilitoka 2001, wakati diski za SATA zilianza kuingia sokoni 2003. Sidii ya XP haikuwa na kosa. Ilikuwa imezaliwa kabla ya kontrola hizo.

Dawa ilikuwepo, ya ajabu kidogo. Usanidi ulipoanza, chini kabisa ya skrini ulitokea mstari uliosema ubonyeze F6 kama una draiva ya SCSI au RAID kutoka kampuni nyingine. Mstari ulikaa sekunde chache tu. Ukichelewa, anza upya. Ukiuwahi, hakuna kinachotokea, unabaki unajiuliza kama umeuwahi. Dakika kadhaa baadaye ndipo unaulizwa draiva iko wapi, na jibu lililokubalika lilikuwa moja: flopi. Sidii haikukubaliwa. Flashi haikukubaliwa, hilo lilikuja na Vista, miaka miwili baadaye. Mwaka 2005, wakati flopi tayari zilikuwa takataka, ilibidi ba mdogo aazime kisomeo cha flopi kutoka kwa mwalimu wa sekondari, anunue flopi tatu kwa sababu mbili zingekuwa mbovu (zilikuwa), na kunakili draiva kwenye intaneti kafe.

Mikono yake ilikuwa imeshika kisomeo, ambacho waya wake ulikuwa unalegea. Hivyo akaniweka kwenye stuli mbele ya kibodi. "Ukiona maandishi chini, bonyeza F6. Bonyeza tu, usiache." Nilibonyeza kama ninatwanga. Hakusema draiva, alisema dereva, na kwa muda mrefu niliamini ndani ya CPU kuna mtu mdogo wa kuendesha.

"Ile flopi ipo?" nilimuuliza.

Aliingia ndani, akarudi na boksi la biskuti. Chini ya risiti na funguo za makufuli yaliyokwisha kuibwa kulikuwa na flopi moja, juu yake kwa mwandiko wake wa kulala: DEREVA F6. Sikuihitaji flopi. Nilihitaji kujua kwamba ilihitajika. Kwa sababu diski mbili za kawaida, kila moja peke yake, kwenye mazabodi ile zingeweza kujifanya za aina ya zamani, na XP inayojua SATA kidogo tu ingezikubali. Aliyehitaji F6 ni mtu aliyezifunga diski pamoja.

"Ba mdogo, ulizifanya RAID?"

"Ile ya kasi," alisema, akaangalia pembeni. "Sifuri."

RAID 0 hugawa data kama mtu anayegawa karata kwa watu wawili: kilobaiti 128 kwa huyu, 128 zinazofuata kwa yule. Kusoma kunakuwa kwa haraka kwa sababu wote wawili wanafanya kazi. Lakini hakuna mwenye hadithi nzima. Jedwali la gigabaiti 149 lilikuwa sahihi: lilieleza diski mbili kwa pamoja, ila kwa kuwa jedwali hukaa mwanzo kabisa, lilimwangukia wa kwanza. Na diski ya pili haikuwa tupu, ilikuwa na nusu ya kila kitu. Kuweka sauti pekee ya mzazi kwenye RAID 0 bila nakala ni ujinga, nilimwambia hivyo, na yeye akasema anajua, amekuwa akijua kwa miaka mingi, ila video za harusi zilikuwa zinakwama.

Sasa F2 ilieleweka. Mipangilio ya BIOS kwenye mazabodi za zamani hushikiliwa na betri ndogo bapa, mfano wa sarafu, CR2032. CPU ikiwa imechomekwa, umeme wa ukutani huisaidia. Ikikaa kabatini, betri hubeba mzigo peke yake mpaka iishe. Ikiisha, mipangilio inafutika, na ya kiwandani inasema RAID: No. Kila aliyebonyeza F2, fundi, ba mdogo, mimi, alikuwa anazitenganisha zile diski upya na kuendelea. Taarifa za jinsi zilivyofungwa zilikuwa bado zipo, zimeandikwa mwishoni mwa diski zote mbili. Kontrola ilikuwa haijaambiwa izitafute.

Betri niliipata sokoni kwa fundi saa. Nikaziweka diski mahali pake, nikabonyeza F1 badala ya F2, nikazunguka kwenye menyu ya kijivu mpaka nikapata mstari wa RAID, nikaugeuza kuwa Yes. Mikono ilikuwa inatoka jasho. Mtu makini angenakili diski zote mbili nzima kabla ya kuwasha. Sikuwa na diski ya kunakilia wala pesa ya kuinunua, na nikiandika hapa kwamba niliacha kwa sababu nyingine nitakuwa nadanganya.

Kabla ya Windows likatokea jedwali fupi la Intel: diski mbili, juzuu moja, gigabaiti 149, hali Normal. Halafu nembo ya XP, ule mstari unaotembea. Nilisubiri bluu. Haikuja. Yakaja mandhari ya kilima na mbingu, na katikati yake folda yenye jina MAMA.

Sikufungua kitu. Nilichomeka flashi nikaanza kunakili, faili moja baada ya moja. Kumi na tano, kumi na sita. Ya kumi na saba diski moja ikaanza kukwaruza, sauti niliyokuwa nikiiogopa tangu asubuhi, na Windows ikasema data haisomeki. Nikairuka. Zilizobaki zikapita. Nilirudi kwa ya kumi na saba mara nne, mara ya mwisho kwa Linux, nikapata dakika sita za kwanza. Ni hadithi ya sungura na kisima. Nimewauliza shangazi zangu inaishaje. Nina miisho mitatu tofauti.

Ba mdogo hakukaa kusikiliza. Sauti ya bibi ilipotoka kwenye spika za laptopu, ikikohoa kwanza kama alivyokuwa akikohoa kabla ya kuanza, alisimama akaenda kwenye michungwa kuangalia kitu ambacho hakikuhitaji kuangaliwa. Alirudi giza limeingia. Akaiokota ile betri ya zamani kwenye sahani ya mihogo, akaigeuzageuza.

"Hii mpya umenunua shilingi ngapi?"

"Elfu moja."

Alikaa kimya. Ndani ya laptopu bibi alikuwa bado anasimulia, na mahali fulani nyuma yake jogoo aliyekwisha kuliwa zamani akawika.

"Baba yako nitampigia mwenyewe kesho," alisema. "Ila mama, bei usimwambie."