Shanga za Watoto Zisiuzwe

Mwanangu mpenzi,

Nimeshika kalamu kwa sababu nimesikia kwamba wale watoto unaowafundisha kufinyanga shanga hapo Cimpunda, Bukavu, sasa unawahesabia, kila mmoja na idadi yake ya shanga kwa siku, kwa kuwa kuna mfanyabiashara aliyeahidi kununua. Kama ni uzushi, nisamehe, lakini soma hadi mwisho.

Udongo wenyewe unaipinga biashara hiyo. Shanga iliyokaushwa juani ikiingia majini hurudi tope. Ili iwe ngumu sharti ichomwe kwa joto la nyuzi 600 hivi au zaidi, tena ikauke polepole kwanza, maana unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke ukaipasua. Kwa mtoto wa miaka saba, kurudi tope huko ni faida: anaponda, anatia maji, anaanza upya, na hakuna aliyepata hasara. Mnunuzi hataki tope. Anataka zilizochomwa, za ukubwa mmoja, zenye tundu lililonyooka. Hapo yatahitajika makala ya kuchomea, ambayo bei yake Bukavu unaijua kuliko mimi, na mengine hutokana na miti inayokatwa ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Shanga ikipasuka motoni imekula makala bure, na mtoto aliyeifinyanga ataanza kugombezwa.

Utanitajia karakana ya shanga ya Kazuri ya Nairobi. Ni kweli, Susan Wood aliianzisha mwaka 1975 na akina mama wawili waliolea watoto peke yao, na leo shanga zake zinauzwa hadi ng'ambo. Lakini waliofinyanga ni akina mama, na watoto wakala mshahara wao; wewe umegeuza mambo, wanafinyanga watoto. Utasema pia kwamba watoto wa Cimpunda tayari wanabeba bido za maji na kuuza karanga, afadhali wakae kivulini kwako. Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Ila anayebeba maji anajua yuko kazini, na kwao wanajua. Anayekuja kwako ameambiwa ni mchezo. Sheria yetu ya Kongo ya Januari 2009 ya kumlinda mtoto inakataza kumtumikisha kiuchumi, hata kama kazi yenyewe inampendeza. Faranga zikihitajika, waite mama zao, wafinyange na kuchoma wao, nao wasidanganyike kuhusu soko: Watwa ni mafundi wa vyungu tangu zamani, na bado plastiki na sufuria za alumini zimewanyang'anya wateja.

Udongo usiuchimbe kwenye mteremko. Unaona ardhi ya mtaa wa Funu inavyotembea na nyumba juu yake. Rangi ya ukuta usiwape watoto wapakie shanga, wanatia vidole mdomoni.

Uliposomea ualimu, ni mimi niliyekutetea kwenye kikao cha ukoo, na wajomba zako wakanuna mwaka mzima. Sitaki wapate la kusema. Nijibu upesi, uniambie umemwambia nini yule mfanyabiashara.

Baba yako mkubwa