Kulungu wa Kansas na Tembo wa Liwale

Swali la nani mwenye wanyamapori ni swali la siasa kabla ya kuwa swali la uhifadhi. Wanafunzi wangu wamelisikia mara nyingi darasani. Miaka michache iliyopita, nikiwa Marekani kwa utafiti, nilipata nafasi ya kulitazama kwa karibu mahali nisipopatarajia: katika safari ya siku nne ya kuwinda kulungu mwenye mkia mweupe, mashariki mwa jimbo la Kansas. Mwenyeji wangu, profesa wa historia anayekaribia kustaafu, alikuwa amelipia safari hiyo kwa kampuni inayoongoza wawindaji. Mimi niliambatana naye kama mgeni, bila bunduki.

Kwanza nimtambulishe mnyama mwenyewe. Tunamwita kulungu kwa kukosa jina jingine, lakini si yule kulungu wa vichaka vyetu, ambaye pembe zake hudumu naye hadi kufa. Dume wa huyu wa Marekani huota pembe zenye matawi, huzipoteza wakati wa baridi baada ya majira ya kupandana, kisha huota nyingine mwaka unaofuata. Akishtuka huinua mkia, na weupe wa chini yake huonekana kama kitambaa kinachopepea. Ni mnyama aliyeenea mno hata madereva humhofia barabarani usiku.

Kampuni za aina ile hukodi haki ya kuwinda katika mashamba ya wakulima. Hujenga madungu, hufunga kamera ndogo kwenye miti ili kujua madume wakubwa hupita wapi na saa ngapi, huwalaza na kuwalisha wageni, na huwapa mwongozaji. Mgeni hulipa maelfu ya dola. Hata hivyo fedha hizo hazimnunui mnyama. Kibali cha kuua hutolewa na jimbo, na kwa asiye mkazi wa Kansas hupatikana kwa bahati nasibu, baada ya kuomba miezi kadhaa kabla ya msimu. Kampuni inauza njia ya kumfikia mnyama. Mnyama mwenyewe haiwezi kumuuza.

Tuliamka usiku ungali mzito, ni mapema Desemba, baridi ya kukatisha pumzi. Wote tulivaa kofia na fulana za rangi ya chungwa, kama sheria inavyotaka katika msimu wa bunduki, ili mtu asimfyatulie mwenzake risasi. Dungu letu lilitazama shamba la mahindi lililokwisha vunwa, na ng'ambo yake kijito chenye miti ya mialoni. Kufyatua risasi huruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na mwongozaji alikuwa na saa yake mkononi kama msimamizi wa mtihani.

Siku mbili hatukupata kitu. Siku ya tatu, jioni, dume alitoka mitini akilishwa na masazo ya mahindi, na mwenyeji wangu akampiga risasi moja. Kabla ya kumsogeza, alijaza kibali na kukifunga kwenye mnyama. Kisha wakampasua tumbo palepale, wakatoa matumbo, mikono ikitoa mvuke. Nyama ilipelekwa kwa mchinjaji wa mji jirani. Sehemu ilikwenda nyumbani, sehemu ikatolewa kwa mpango wa kuwalisha wasio na chakula. Kuuza nyama ya kulungu wa porini ni marufuku.

Katika saa zile ndefu za kungoja, mwongozaji alinisimulia habari zake kwa kunong'ona. Baba yake alikuwa mkulima wa maeneo yale. Zamani, alisema, kijana aligonga mlango wa jirani, akaomba ruhusa, akawinda; shukrani ilikuwa paja la nyama au siku moja ya kusaidia kazi za shamba. Sasa mashamba yale yamekodishwa na kampuni, naye aliyezaliwa pale huingia kama mwajiriwa. Hakulalamika, ila aliongeza: "Jirani yangu hana kosa. Kulungu hula mahindi yake mwaka mzima. Sasa angalau kuna anayemlipa."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Kulungu hao walikaribia kutoweka. Kufikia mwaka 1900, uwindaji wa biashara na ukataji wa misitu ulikuwa umewaacha wachache mno katika nchi nzima. Mwaka huohuo sheria ya Lacey ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyama waliouawa kinyume cha sheria kutoka jimbo moja hadi jingine. Mwaka 1937 ikaja sheria ya Pittman-Robertson, iliyoelekeza kodi ya asilimia 11 ya bunduki ndefu na risasi kwenye uhifadhi, kwa sharti kwamba jimbo lisiyatumie mapato ya leseni za uwindaji kwa mambo mengine. Kansas ilifungua msimu wake wa kwanza wa kisasa wa kulungu mwaka 1965. Leo kulungu hao hukadiriwa kufikia milioni 30 nchini kote.

Nisieleweke kwamba nasifia pepo. Jimbo la Kansas limebeba jina la watu wa Kaw, walioondolewa katika ardhi yao na kupelekwa Oklahoma ya leo mwaka 1873. Uhifadhi wa Marekani ulijengwa juu ya ardhi iliyokwisha kunyang'anywa. Tena, kwa kuwa zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ya Kansas ni mali ya watu binafsi, mwenye fedha anazidi kumsukuma pembeni asiye nazo, na jimbo limelazimika kukodi mashamba ili kuyafungua kwa umma. Mwongozaji wetu ni shahidi wa hayo.

Lakini kuna jambo tunaloweza kulipima dhidi ya hali yetu. Kifungu cha 4 cha Sheria yetu ya Wanyamapori ya mwaka 2009 kinasema wanyama wote ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Marekani nayo inajenga hoja yake juu ya udhamini: mnyama ni wa wote, serikali ya jimbo humtunza kwa niaba yao. Nadharia ni moja. Tofauti huanza tunapouliza mnufaika wa udhamini huo anapata nini mkononi.

Mimi ni mtoto wa Liwale, pembezoni mwa pori lililobeba kwa miongo mingi jina la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza. Huko tembo huingia shambani usiku mmoja na kumaliza chakula cha mwaka. Mkulima hujaza fomu na kusubiri kinachoitwa kifuta jasho. Jina lenyewe linatosha: si fidia, wala si kodi ya malisho, ni kitambaa cha kupangusia uso. Mjomba wangu alifungwa kwa kukutwa na nyama ya swala, katika mwaka ambao shamba lake lilikuwa limeliwa na wanyama haohao wa umma. Wakati huohuo, ndani ya vitalu vya jirani, mgeni mwenye leseni alipiga picha na simba aliyemuua kihalali. Sitetei ujangili; tembo wetu wameuawa kwa maelfu na magenge yenye silaha, na dola ilikuwa na wajibu wa kupambana nayo. Nasema tu kwamba mjomba hakuwa genge.

Tunaweza kusema Jumuiya za Hifadhi ya Jamii zilianzishwa kutibu jeraha hili. Nia yake ni njema. Lakini mapato yakipita kwanza kwingine na kurejea kijijini yamechelewa, mwanakijiji hubaki mwombaji wa chake. Mkulima wa Kansas haombi. Mkataba wa kampuni umeandikwa kwa jina lake, na mwaka asiporidhika anaukataa.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, pendekezo langu si kugawa ardhi kwa watu binafsi, tumeona linakoishia. Napendekeza kijiji kinachopakana na kitalu kiwe na saini yake katika mkataba wa kitalu hicho, sehemu yake ya malipo iingie moja kwa moja katika akaunti yake, na hesabu zibandikwe kwenye mbao za matangazo za kijiji kabla ya msimu kufunguliwa. Kwa wanafunzi na wanaharakati, someni kifungu cha 4, kisha nendeni Liwale, Rufiji au Serengeti mkaulize wanufaika wa udhamini ule mara ya mwisho waliitwa lini na mdhamini wao kuelezwa hesabu.