Mahindi ya Mwezi wa Kwanza

Katika mji wa Lubumbashi na vijiji vinavyouzunguka, mtu asiye na kalenda nyumbani aweza kwenda sokoni na kujua mwezi. Akikuta masuku ya mwituni na maembe yamepangwa chini juu ya magunia, ajue mvua za kwanza zimefika au ziko karibu. Akikuta uyoga na viwavi, mvua zimekolea. Mahindi mabichi na majani ya maboga ni ya mwezi wa pili na wa tatu. Karanga mpya na viazi vitamu huja mvua zikiaga. Halafu, wakati wa kiangazi, ni zamu ya tomati, vitunguu na kabichi za dembo, maana yake mabonde yale yasiyokauka upesi, ambako akina mama na vijana huteka maji kwa mikono, asubuhi na jioni. Sombe peke yake haina mwezi wake. Kila siku iko.

Sisi tunafundisha katekisimu katika kijiji kimoja kando ya mji, na soko la pale liko karibu na kanisa. Siku ya Mungu, Misa ikiisha, watu wanatoka mlangoni na kuingia moja kwa moja kati ya vikapu. Seminari ilitufundisha Kilatini. Habari za tomati tulifundishwa na akina mama hao. Mwezi wa kwanza mmoja tuliona tomati chache, zenye madoa meusi, na bei yake ilitushangaza. Tukamwuliza mwenye kuziuza sababu. Akajibu: “Mwalimu, tomati ya mvua inaoza ingali mtini. Mimi mwenyewe siwapikii watoto. Uje mwezi wa saba, nitakujazia kikapu.”

Alisema kweli. Mvua nyingi huleta ugonjwa katika majani ya tomati, na mkulima anayetaka kuziokoa lazima anyunyize dawa mara kwa mara. Dawa ni fedha, na si nzuri kwa maji ya bonde wala kwa tumbo la mlaji. Lakini wakati huohuo wa mvua lengalenga na matembele yanaota karibu bila kuombwa. Mtu anayenunua mboga ya mwezi wake analipa kidogo, na mkulima anapata bila kuipiga vita ardhi. Jambo hili ni jepesi. Watu wetu wengi wanalijua kuliko sisi.

Jambo gumu ni mahindi.

Bila bukari watu wa Katanga hawasemi kwamba wamekula. Mahindi yanakauka mashambani mwezi wa nne na wa tano, na kila mtu anavuna pamoja na jirani yake, kwa hiyo bei inaanguka. Hapo ndipo mfanya biashara anapofika na gari lake na fedha taslimu. Baba ana deni, mtoto ana homa, bibi arusi anangojewa; magunia yanapanda garini. Wengine wanauza mahindi yangali yamesimama shambani, kabla hayajakauka. Mwezi wa kwanza, shamba jipya likiwa bado kijani na nyumba tupu, mtu yuleyule ananunua unga kwa meka, kidogo kidogo, kwa bei kubwa. Ameuza mahindi yake rahisi. Sasa analipa gari lililoyapeleka, ghala la mwingine, mashine ya kusaga, na faida ya kila mkono, ili ale pengine mahindi ya shamba lake mwenyewe. Kwaresima inapokuja, huwakuta wengine wamekwisha kufunga bila kutaka.

Desturi ya kungojea unga wa wengine si ya jana. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Wafanya kazi wa migodi walipewa posho ya unga, na katika miaka ile ya kwanza unga mwingi ulitoka Rhodesia. Mji ulizaliwa hivyo, na kijiji kikajifunza kwa mji. Hata leo mahindi na unga mwingi vinapita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwanzoni mwa 2024 mvua zilikosekana kusini mwa Afrika, na mwezi wa pili serikali ya Zambia ilitangaza kwamba ukame ule ni msiba wa taifa. Nchi isiyo na chakula cha watoto wake itamwuzia jirani nini? Mwezi wa nane mwaka huohuo mpaka ulifungwa kwa siku chache kwa ajili ya ugomvi wa biashara ya vinywaji. Ugomvi wa bia na limonadi! Lakini mlango uliofungwa ni uleule unaopitisha unga.

Wengine watasema: basi tulime zaidi. Ndiyo, lakini tulime kwa namna gani? Udongo mwekundu wa kwetu ni mchachu na unachoka upesi. Wazee walihama, wakaacha shamba lipumzike miaka mingi mpaka miti irudi. Sasa nafasi ya kuhama haiko, kwa sababu mwitu wa karibu na mji umekatwa kwa ajili ya makala, na pamoja na miti viwavi pia wanapotea, maana wanakula majani ya miti hiyo. (Tunasema viwavi tunaowala. Kuna mwingine anayetula sisi: yule wa mahindi, aliyetoka Amerika na kuonekana Afrika mwaka 2016. Huyo hapotei.)

Hata hivyo wazee walituachia maarifa mengine. Kila mtu amekwisha kuona vichuguu vikubwa vya Katanga, vingine virefu kupita nyumba. Udongo wake una nguvu kuliko udongo wa kando, na mkulima mwenye akili anapanda juu yake, au anauvunja na kuutawanya shambani. Tena, penye mahindi mwaka huu, mwaka ujao pawe na maharagwe au karanga, kwa sababu mizizi yake inarudishia udongo chakula. Mbegu zinazonunuliwa dukani huzaa sana, lakini ukipanda tena punje zake mwaka wa pili nguvu imepungua; tena punje nyingi za namna hiyo ni laini, na wadudu wanazitoboa upesi ghalani. Mahindi ya zamani yenye punje ngumu huzaa kidogo, lakini yanakaa. Sisi tunaona inafaa kulima ya namna mbili: mamoja ya kuuza, mamoja ya kuweka.

Kuweka ndiko kulikoleta maneno kijijini kwetu. Akina mama wa soko walikubaliana kwamba kila nyumba italeta gunia moja wakati wa mavuno, likauke vizuri, lichanganywe na majivu, lifungwe katika chumba kimoja, na lisiguswe mpaka mwezi wa kwanza. Tulisaidia kuandika daftari. Mwezi wa tisa shule zilipofunguliwa, baba mmoja alikuja kudai gunia lake. Mtoto wake alikuwa ameingia shule ya sekondari, na yalitakiwa malipo. “Mwalimu,” akatuambia, “ninyi ndio mnahubiri kwamba watoto wasome.” Mke wake alikuwa amesimama nyuma yake. Akasema polepole: “Baba, mtoto akisoma na njaa mwezi wa kwanza, atasoma nini?”

Tulikaa kimya, maana wote wawili walikuwa na haki. Gunia moja haliwezi kuwa daftari za shule na bukari pia. Akina mama walishauriana nje, chini ya mwembe, muda mrefu. Mwishoni walimpa mume franka za kuanzia kutoka fedha za kitunguu, kila mmoja akitoa kidogo, nazo zirudishwe viazi vitamu vikivunwa. Gunia likabaki. Baba hakufurahi, na majuma mawili hakutusalimu njiani.

Mwezi wa kwanza chumba kilifunguliwa. Magunia mawili yalikuwa yametobolewa na wadudu, kwa kuwa wenyewe waliharakisha kuyaleta kabla hayajakauka. Mengine yalikuwa mazima. Mwaka huu akina mama wamedai kwamba chumba kiwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja ukae kwa mama wa tomati, na wa pili kwa baba yule aliyedai gunia lake. Ameukubali.