Mkono Wenye Haraka

Wahenga walisema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Nililelewa na methali hiyo kama watoto wengi wa kijijini. Nyoka alipoonekana uani, wanaume walikimbilia fimbo na akina mama walikimbilia watoto. Hapakuwa na aliyeuliza ni nyoka wa namna gani. Kwa hiyo sikudhani kamwe kuwa siku moja ningekabidhiwa nyoka nimtunze, wala kwamba katika jambo hilo mkosaji ningekuwa mimi, si nyoka.

Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi katika mji wa Leeds, Uingereza, nikiishi katika nyumba ya watu wema. Mtoto wao wa miaka 12 alinunuliwa nyoka mchanga wa aina ambayo Wamarekani huiita nyoka wa mahindi. Asili yake ni kusini-mashariki ya Marekani. Hana sumu, hula panya, na katika nchi hizo hufugwa majumbani na watu wengi. Akikomaa hupita urefu wa mita moja, lakini huyu hakuzidi sentimita 30, na unene wake ulikuwa kama wa penseli.

Siku alipoletwa nilitazamia kwamba mtoto yule angemshika kutwa. Hakumgusa. Alimtia katika kasha la kioo lenye mahali pa kujificha na upande mmoja wenye joto, akamwacha. Juma zima lilipita bila mkono kuingia humo ila kwa kubadili maji na kutia chakula. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba mnyama mgeni humwona kila mtu kuwa adui, na kwamba hatamshika mpaka ale mara tatu bila kutapika. Baada ya hapo alianza: dakika tano, mara mbili kwa juma, baadaye dakika kumi, mara tatu. Mkono wake haukushuka kutoka juu, kwa kuwa kutoka juu ndiko ajako mwewe. Uliingia ubavuni polepole, ukamwinua kwa chini na kuuchukua mwili wake wote. Kabla ya kumshika alinawa, asije akanuka panya na kudhaniwa chakula; baada ya kumshika alinawa tena, maana nyoka huweza kuchukua vijidudu viumizavyo tumbo la binadamu.

Wakati wa likizo wenyeji wangu walisafiri kwa siku kumi. Mtoto aliniachia nyoka wake pamoja na karatasi yenye masharti matatu. Usimshike kabla ya saa 48 kupita tangu alipokula. Usimshike macho yake yakiingia ukungu, kwani hapo anakaribia kujivua gamba wala haoni vizuri. Usimshike ili kuwaonyesha watu.

Nilimlisha siku ya tatu. Jioni iliyofuata walinijia wanafunzi wenzangu wa kutoka nyumbani. Walipoliona kasha walirudi nyuma hadi mlangoni, na hapo kiburi kikanipanda. Mimi niliyekuwa nikiruka kamba gizani kwa kuidhania nyoka nilitaka kuonekana shujaa. Nikafungua kasha, nikamtoa. Alijikunja, akatetemesha mkia, mimi nikacheka. Nilimgeuza huku na huku kwa nusu saa. Usiku ule nilimkuta amelala kando ya chakula alichokuwa amekitapika.

Msomaji yamkini ataliona jambo hilo kuwa dogo. Si dogo. Nyoka humeng'enya chakula polepole, kwa msaada wa joto la mahali alipo. Akisumbuliwa tumbo likiwa limejaa, huweza kukitapika apate kukimbia. Na pamoja nacho hutoka maji makali ya tumbo, yachomayo koo. Nyoka mchanga ana akiba ndogo ya nguvu. Akitapika mara kwa mara huweza kufa.

Niliwaza kuficha. Nyoka hana ulimi wa kunishtaki, na wenyeji wangu walikuwa mbali. Lakini lau ningalinyamaza, mtoto angalirudi na kumlisha kama kawaida, naye angalitapika tena. Kosa langu lilikuwa limemdhoofisha; kimya changu kingaliweza kumwua. Asubuhi nilipiga simu.

Mtoto alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Usimguse, wala usimpe chakula. Tungoje siku kumi, halafu apewe panya mdogo zaidi." Hakunigombeza. Aliongeza neno moja tu: "Hajui kwamba ulikuwa ukicheza."

Tulingoja. Siku ya kumi na moja alikula, asitapike. Alikula tena na tena ndipo mwenyewe akamshika, kwa dakika tano, mimi nikitazama kwa mbali. Mwezi mwingine ulipita kabla hajaniwekea nyoka yule mkononi.

Tangu nirudi Kenya sijafuga nyoka, wala simshauri kijana awaye yote kuokota nyoka porini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Tena mtoto wa bafe huzaliwa na sumu yake, na kwake methali ya wahenga ni kweli tupu. Lakini nilijifunza kwamba kiumbe mdogo hazoei mkono kwa kushikwa sana. Huuzoea kwa kushikwa kwa kiasi, kwa wakati wake, na kwa kuachwa apumzike. Mtoto wa miaka 12 alilijua hilo kabla yangu.