Nafuu Iifuate Paa, Isiifuate Riba



Watoto wetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu wamehamia Nairobi kutafuta riziki. Kila tunapowatembelea, baada ya sala katika Msikiti wa Jamia pale mjini kati, hutujia na swali lile lile: Serikali humpunguzia ushuru mwenye kulipa riba ya mkopo wa nyumba, je, hiyo ni haki? Na sisi tunaoikimbia riba tuna fungu gani? Wiki hii twapenda kulijibu swali hilo.

Kwanza tuieleze sheria. Mtu aliyekopa benki au taasisi nyingine iliyotambuliwa, ili anunue au aitengeneze nyumba anayokaa mwenyewe, huruhusiwa kuitoa riba ya mkopo huo katika mapato yake kabla ya ushuru kuhesabiwa. Ni nyumba moja tu. Kikomo kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwaka. Kuanzia 2017 kikawa 300,000. Na mwishoni mwa Desemba 2024 kikapandishwa hadi 360,000. Mwaka 2025 mkopo wa kujenga nao ukaingizwa. Anayekatwa ushuru wa asilimia 30 huweza kuokoa hadi shilingi 9,000 kwa mwezi. Kwa familia yenye watoto wa kusomesha, hizo si haba.

Lakini ni nani azipatao? Benki Kuu ya Kenya ilihesabu mikopo ya nyumba takriban 30,000 mwishoni mwa 2023, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilikuta watu milioni 47.6. Wastani wa mkopo mmoja ulipita shilingi milioni 9. Mtu akitoka Lavington akaingia Kawangware, mitaa miwili iliyopakana, ataiona tofauti kwa macho yake: huku nyumba zenye bustani na walinzi langoni, kule mama na wanawe katika chumba kimoja cha mabati. Mama yule hulipa kodi ya chumba kila mwezi, wala kodi hiyo haimpunguzii ushuru hata shilingi moja. Akiwa ameajiriwa, hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Na ikiwa mshahara wake haupiti shilingi 24,000, ushuru wa mapato haumfikii, basi nafuu hii hata ingeletwa mlangoni pake isingekuwa na pa kumshika. Ni nafuu inayomfaa zaidi mwenye mshahara mkubwa na deni kubwa.

Wapo wasemao kwamba kijana wa mshahara wa kati asiposhikwa mkono hatapata nyumba Nairobi maishani mwake. Hoja hiyo ina uzito, na kijana huyo hatumhusudu. Ila mkono huo ungeweza kunyoshwa kwa njia nyingine. Uingereza ilikuwa na nafuu kama hii, ikaipunguza kidogo kidogo, na mwaka 2000 ikaifuta.

Linalotuuma zaidi ni hili. Kenya ilikuwa na mpango wa akiba ya nyumba: mwenye kuweka hadi shilingi 8,000 kwa mwezi katika akaunti iliyosajiliwa kwa kazi hiyo hakutozwa ushuru juu yake. Mwaka 2020 nafuu hiyo ikaondolewa. Mwenye kuweka akiba akanyimwa, kisha mwenye kulipa riba akaongezewa. Sisi tulilelewa katika nyumba ya mawe na boriti iliyojengwa chumba baada ya chumba, kwa jasho la baba na fedha za mchezo wa mama na wenzake. Subira ya wazee kama wale haina mahali katika hesabu ya ushuru ya leo.

Kwa Muislamu liko jambo la pili. Riba ya benki ndiyo ile ile tuliyokatazwa katika Surat al-Baqara, na punguzo la ushuru haliigeuzi haramu kuwa halali. Njia nyingine zipo. Tangu 2008 Kenya ina benki za Kiislamu kamili, na upo mkataba wa ushirika unaopungua: benki na familia huinunua nyumba pamoja, kisha familia hulipa kodi ya fungu la benki huku ikilinunua kidogo kidogo, hata nyumba yote ikawa yake. Sheria ya ushuru ilianza kuitambua miamala ya Kiislamu mwaka 2017. Hata hivyo, kabla ya kutia saini, iulizeni benki na Mamlaka ya Ushuru kwa maandishi: malipo yetu yatahesabiwaje?

Nanyi kina mama, Sheria ya Ardhi ya 2012 haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenza. Saini yako ni haki yako, basi usiitoe kwa haya wala kwa haraka. Uliza kazi ikikatika deni litalipwa na nani. Uliza mauti yakifika itakuwaje, kwani twajua sote kwamba deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na mayatima hurithi kinachosalia.

Rai yetu ni kwamba mwananchi astahili kusaidiwa apate makazi, lakini nafuu iifuate paa, isiifuate riba. Irudishwe nafuu ya mwenye kuweka akiba, afikiriwe mpangaji wa Kawangware, na mkataba usio na riba uandikwe waziwazi katika kifungu hicho hicho cha nyumba. Wabunge wetu huwaalika wananchi kutoa maoni kila Mswada wa Fedha unapoletwa. Tusiwaachie wengine nafasi hiyo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie familia zetu makazi ya halali yenye utulivu. Amin.