Begi Linalorudi

Hapa Kigali nguo na vitu vya mitumba tunaviita caguwa. Neno hilo Kinyarwanda kililichukua kutoka Kiswahili: chagua. Mteja huinama juu ya rundo, hupekua, hulinganisha, kisha huchagua. Lakini siku niliyonunua begi langu la kwanza la safari sikuchagua kitu. Niliona lililo kubwa kuliko yote, nikalitaka.

Ilikuwa sokoni Kimironko. Muuzaji alinionyesha kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani, kimeandikwa lita 75. "Mdogo wangu, hili linabeba nyumba nzima," aliniambia. Nilidhani ananisifia begi. Leo naona alikuwa ananionya bila kujua.

Tulikuwa wanafunzi watano, na mmoja wao ni binamu yangu. Likizo ile tuliamua kutembea sehemu ya Njia ya Kongo-Nile, ile inayofuata milima ya pwani ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, kilomita 227. Jina lake linatokana na kwamba ipo kwenye nchi ya milima inayogawa maji: upande mmoja mvua hutiririka kuelekea mto Kongo, upande wa pili kuelekea Nile. Sisi tulitaka kufika Karongi tu, siku tano.

Begi kubwa lina tabia moja: halikupi usingizi mpaka ulijaze. Niliweka blanketi zito, suruali mbili za jinzi, sufuria, kilo tatu za mchele, viatu vya akiba, hata kitabu cha isimu nilichojidanganya kwamba nitakisoma jioni kando ya ziwa. Kila nilipofikiri nimemaliza, nilichungulia ndani nikaona bado kuna nafasi. Kabla ya kwenda Nyabugogo kupanda basi, nililiweka kwenye mizani ya muuza viazi jirani yetu. Kilo 19. Mimi mwenyewe nina kilo 57. Nilicheka, nikasema ujana ni nguvu.

Siku ya kwanza nguvu hizo ziliisha kabla ya saa saba mchana. Mikanda ilinikata mabega, na kila nilipopanda mlima begi lilinivuta nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Wenzangu waliimba, mimi nilihesabu hatua. Hata hivyo nilinyamaza, kwa maana mzigo niliufunga mwenyewe.

Siku ya pili, tukiwa tunakaribia Kinunu, mvua ilinyesha. Njia inayoteremka kati ya mashamba ya kahawa ikawa utelezi. Binamu yangu aliteleza, mguu ukapinda chini yake. Tulipomwinua hakuweza kuukanyagia. Wawili wakamshika huku na huku, wa tatu tayari alikuwa amebeba hema. Likabaki begi lake, dogo, la kilo zisizozidi nane. Wote wakanitazama mimi, mwenye begi kubwa kuliko yote.

Sikuwa na nafasi ya kuweka hata soksi zake. Nililishika begi lake mkononi, nikaenda hatua kama ishirini, nikaanguka magotini. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka shambani alituona. Hakuuliza maswali mengi. Alilitwaa begi la binamu yangu, akalitua juu ya kichwa, akatutangulia mpaka chini. Alipotufikisha alikataa fedha, akakubali chai. Alilitazama begi langu, kisha akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Mwanangu, unahama?"

Wenzangu walicheka. Binamu yangu hakucheka. Alikuwa ameegemea ukuta, mguu umevimba, na hakuniangalia. Safari yetu iliishia pale, na mpaka tunarudi Kigali hatukuzungumza sana.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumtembelea babu yangu, anayeishi upande wa Kitabi, karibu na msitu wa Nyungwe. Ujanani babu aliwinda katika msitu huo, kwa mkuki na mbwa waliofungwa kengele shingoni. Haongei habari hizo kwa majivuno. Anajua kwamba ndovu wa mwisho wa Nyungwe aliuawa mwaka 1999, na kwamba watu kama yeye walichangia msitu kunyamaza. Nyungwe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na mwaka 2023 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Leo kuwinda humo ni kosa mbele ya sheria, na babu mwenyewe huwaambia vijana kwamba ni haki iwe hivyo.

Nilimsimulia kisa cha begi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulipolifunga, ulikuwa unafikiria nini?"

"Vitu nitakavyohitaji, babu."

"Ulifikiria kwenda tu. Sisi tulipokwenda msituni siku tatu, mtu alichukua viazi vya kuchoma, kisu, na ngozi ya kulalia. Mkoba ulikuwa karibu mtupu. Mwindaji hapimi mkoba kwa mzigo wa kwenda, anaupima kwa mzigo wa kurudi. Ukipata nyama utaiweka wapi? Na mwenzako akiumia, nani atabeba vyake? Mkoba uliojaa ni wa mtu anayesafiri peke yake."

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma, kwa kuwa sikuwa nimesafiri peke yangu.

Niliporudi mjini nilianza kujifunza jambo ambalo ningelijifunza mapema. Begi halichaguliwi kwa macho. Kwanza unapima mgongo, kuanzia mfupa unaojitokeza shingoni ukiinamisha kichwa, hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Begi refu kuliko mgongo wako litakusumbua hata likiwa tupu. Pili, unatazama mkanda wa kiunoni. Ukifungwa vizuri juu ya nyonga, sehemu kubwa ya uzito hushuka miguuni, na mabega hubaki na kazi ya kulizuia begi lisiyumbe. Tatu, unahesabu siku. Kwa matembezi ya siku moja, lita 20 hadi 30 zinatosha. Kwa kulala usiku mmoja hadi mitatu, lita 40 hadi 50. Zaidi ya hapo, au ukibeba hema na nguo za baridi kali kama za kupandia Karisimbi, mlima wa mita 4,507, ndipo unafikiria lita 60 na kuendelea. Na mzigo wote usizidi sana sehemu moja ya tano ya uzito wako. Kwangu ni kama kilo 11. Mimi nilibeba theluthi.

Vitu vizito hukaa karibu na mgongo, katikati, si chini kabisa wala nje. Kuhusu mvua, kwingine watu hutandika mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya begi. Kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, kwa hiyo mimi hutumia koti la mvua la zamani nililolikata na kulishona upya liwe kifuniko.

Nilirudi Kimironko na begi lile, nikaliuza kwa hasara. Mara hii nilichagua kwelikweli. Nilipekua rundo zima, nikajipima mgongo, nikamwomba muuzaji aniwekee matofali mawili ndani, nikazunguka nalo sokoni watu wakinishangaa. Nikanunua la lita 45. Nilipolifunga kwa majaribio nilijiwekea sharti: robo yake ibaki tupu.

Kisha nilikwenda kwa binamu yangu. Sikuwa nimemwomba msamaha, nilikuwa nikisema tu "pole" kama anavyosema mpita njia. Nililifungua begi mbele yake nikamwonyesha ile nafasi. "Hii ni yako," nilimwambia. Alinyamaza kidogo, akauliza kama tutaanzia Rubavu tena au Kinunu tulipoishia. Tulikubaliana Kinunu.

Kabla ya safari hiyo nilipita Kitabi kumwonyesha babu. Aliligeuzageuza begi, akavuta mikanda, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Aliona nafasi iliyobaki, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaingia ndani, akatoka na viazi, akalijaza mpaka juu.

"Wapelekee nyumbani," alisema. "Hutarudi Kigali mikono mitupu."

Nililibeba mpaka kituo cha basi. Lilikuwa zito, lakini lilikaa vizuri kiunoni.