Kilwa: Magofu Yaliyobaki na Dhahabu Iliyokwenda

Sisi watu wa bara, wa huku Songea, tumezoea kusema kwamba mambo ya kutazamwa yako mbali, Roma au Yerusalemu, na kwamba mtu asiye na nauli ya ndege hana safari ya kusimulia. Mimi nami nilisema hivyo, hata siku ile nilipopanda basi pamoja na mke wangu na mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa darasa la sita, tukashika njia ya Tunduru na Masasi kuteremka pwani. Kijana alikuwa amesoma habari za Kilwa shuleni, akaniomba mwaka mzima. Nilimwahidi akishinda mtihani. Akashinda, basi ikanibidi kutimiza ahadi.

Tulilala Lindi. Ghuba ya Lindi ni nzuri sana jioni. Ng'ambo yako ni Kitunda penye minazi, na vyombo vinavuka kwenda na kurudi. Kijana alishuka moja kwa moja hadi majini, akachota bahari kwa kiganja, akaonja, akatema. Alikuwa amefundishwa kwamba maji yake ni ya chumvi, lakini alitaka kuhakikisha mwenyewe.

Mzee aliyetukaribisha alitueleza habari za Tendaguru, mlima mdogo ulioko bara ya Lindi, upande wa kaskazini magharibi. Huko, tangu mwaka 1909 hadi 1913, wataalamu wa jumba la makumbusho la Berlin walichimbua mifupa ya wanyama wakubwa mno walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita, wale wanaoitwa dinosaria. Wachimbaji walikuwa mamia ya watu wa huku huku, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilichukuliwa na wapagazi, vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao, ambaye watu wetu humwita mjusi wa Tendaguru, amesimamishwa Berlin, na kimo chake kinapita meta 13. Kijana akaniuliza, “Baba mdogo, walilipa?” Nikamjibu kwamba wapagazi walipewa ujira wao. Mlima haukulipwa.

Asubuhi tuliendelea kwa njia ya lami ipitayo Mchinga. Mibuyu ni mingi huko, minene kama nyumba. Yafaa msomaji ajue mapema kwamba Kilwa ni tatu, maana wengi huchanganya. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, penye ofisi na soko. Kilwa Kivinje iko kaskazini ya hapo, nayo ina jina la mivinje. Kilwa Kisiwani ndiyo Kilwa ya kale, ng'ambo ya mlango mdogo wa bahari mbele ya Masoko. Mgeni hupata kibali kwanza katika ofisi ya serikali pale Masoko, kisha hupewa mwongozaji, ndipo hutafuta chombo.

Tulivuka kwa mashua ya tanga. Mke wangu alishika rozari njia nzima, ingawa bahari ilikuwa shwari na nahodha alikuwa akiimba. Kitu cha kwanza kuonekana ni jengo kubwa lililosimama karibu na maji, nalo huitwa Gereza. Tulilipita kwanza, na habari zake nitazieleza mbele.

Wenyeji husimulia kwamba kisiwa hiki kilinunuliwa na Ali bin al-Hasan, mtu wa Shirazi, kwa nguo ndefu ya kutosha kukizunguka chote. Ni hadithi tamu. Lakini wataalamu waliochimba hapa, kama Neville Chittick aliyefanya kazi katika miaka ya 1960, walikuta dalili za kijiji cha watu wa pwani tangu miaka ya 800 hivi, na wengi siku hizi husema kwamba mji ulijengwa na Waswahili wenyewe, wakichanganyika na wageni waliokuja kwa pepo za kaskazi. Mimi nadhani hadithi ya nguo ina jambo moja la kweli ndani yake: walikuwa watu wa biashara.

Msikiti Mkuu ulinisimamisha kimya. Sehemu ya zamani ni ya karne ya 11, na sehemu kubwa iliongezwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Umejengwa kwa matumbawe yaliyokatwa baharini na chokaa iliyochomwa papo hapo. Juu yamebaki makuba, na ndani nguzo zimesimama safu kwa safu. Ukisimama pembeni na kutazama kwa mshazari, matao yanafuatana mpaka macho yanachoka. Kwa muda mrefu hapakuwa na msikiti wenye paa mkubwa kama huo katika Afrika Mashariki nzima. Fundi mwashi yeyote wa kwetu angekaa hapo siku tatu.

Watu wanakaa kisiwani hata leo, wavuvi na wakulima, nyumba zao za miti na udongo zikiwa katikati ya magofu. Mama mmoja alituuzia madafu, akatuuliza tumetoka wapi. Aliposikia Songea akasema, “Mmekuja mbali kutazama mawe yetu.” Alilisema neno yetu bila kusita.

Kutoka hapo tulitembea kandokando ya mikoko hadi Husuni Kubwa, jumba la kifalme la Sultani huyo huyo, lililo juu ya ukingo unaotazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na katikati liko birika la kuogea lenye pembe nane, ambalo hata leo ungedhani mwashi ameondoka jana. Mwaka 1331 msafiri wa Moroko aitwaye Ibn Battuta alifika Kilwa, akaandika kwamba ni katika miji mizuri sana. Alimsifu Sultani kwa ukarimu: siku moja, alipotoka kusali Ijumaa, maskini mmoja kutoka Yemeni alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Tena akaongezewa pembe za ndovu na watumwa kumi. Naam, watumwa. Mtu asidhani kwamba ubaya ule uliletwa na wageni peke yao.

Chanzo cha utajiri kilikuwa dhahabu ya Sofala, iliyotoka bara ya Zimbabwe na kupitia mikononi mwa watu wa Kilwa. Walikuwa na sarafu zao wenyewe zenye majina ya masultani. Moja imeonekana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na nyingine chache ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha kaskazini ya Australia, wala hakuna ajuaye zilifikaje.

Tulipokuwa tukirudi pwani, kijana aliinama akaokota kigae cha bakuli, chenye rangi ya kijani kama jani bichi. Mwongozaji alikitazama, akasema kwamba ni chombo cha Uchina, cha zamani sana. Kisha akasema kwa upole, “Kirudishe pale pale ulipokitoa, mwanangu.”

“Ni kipande kidogo tu,” kijana akajitetea.

“Kila mgeni ana mfuko,” akajibu.

Akakirudisha, ila uso ulikunjika mpaka Gereza. Pale tulikaa kivulini kungoja mashua, nami nikawasimulia habari niliyokuwa nimeisoma.

Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama alikuja na merikebu zake mbele ya Kilwa, akamtisha mtawala mpaka akatoa dhahabu kuwa ushuru kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida na jeshi; wakauteka mji, wakapora nyumba, wakajenga ngome. Mwaka 1512 wakaiacha. Gereza tuonalo leo limejengwa hasa na Waomani baadaye, mahali pale pale pa ngome ile. Lakini dhahabu ya ushuru haikupotea. Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe monstransi, chombo cha kuonyeshea Sakramenti Kuu, nayo ikamalizika mwaka 1506. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka mahali pa Hostia, na chini yake yameandikwa maneno yanayosema wazi kwamba imetengenezwa kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa. Imo Lisbon hata leo, katika jumba la makumbusho, na watu huitazama kwa sababu ya uzuri wa kazi ya sonara.

Mke wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mungu hakuomba dhahabu ya kutishia watu.” Kijana yeye akamtazama mwongozaji, akanitazama mimi, akauliza, “Mbona mimi nimerudisha kigae?”

Mwongozaji alicheka sana. Mimi sikucheka. Katekisimu iliyonifundisha mimi nikiwa mdogo kama yeye ilisema kwamba haitoshi kuungama wizi. Kitu hurudishwa kwa mwenyewe. Nikamwambia kijana kwamba swali lake ni zuri kuliko majibu yangu.

Tabu ya Kisiwani siku hizi ni bahari yenyewe. Mawimbi yamekula ukingo, na sehemu ya ukuta wa Gereza upande wa majini imekwisha kuanguka. Kilwa Kisiwani na jirani yake Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 zikatiwa katika orodha ya mahali penye hatari. Kuta zikatengenezwa, wanakijiji wakashiriki, na mwaka 2014 zikatolewa katika orodha hiyo. Nilifurahi kusikia kwamba mafundi wengine walikuwa vijana wa papo hapo.

Kesho yake tulikwenda Kivinje. Mji umepoa, nyumba za ghorofa za zamani zimeota miti ukutani, na wavuvi hutandaza nyavu karibu na boma la Wajerumani. Biashara ya kuuza watu ndiyo iliyoupa mji huu nguvu katika karne ya 19, maana misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapa. Hata kabla ya hapo, mwaka 1776, Mfaransa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa visiwa vya Wafaransa, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Hapa Kilwa Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa kuwapinga, na mwembe wa kunyongea ukaacha jina lake mahali pale: Mwembe Kinyonga.

Katika vilima vya Matumbi, bara ya Kivinje, vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji, alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti. Siku chache baadaye, tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss aliuawa Mikukuyumbu pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Walikuwa wametoka Kilwa wakielekea kwetu Peramiho kwa miguu. Mwaka uliofuata wazee wetu wakanyongwa Songea, na maelfu kwa maelfu wakafa njaa baada ya mashamba kuchomwa moto. Bibi yangu hakupenda kuzungumza habari za njaa ile. Alikuwa akiokota punje za mahindi chini, moja moja, hata katika mwaka wa mavuno mengi.

Mke wangu aliuliza wenyeji njia ya bara ilianzia wapi, wakatuonyesha upande, mkono tu, maana majani yameota. Tulisimama hapo kidogo, tukasali kwa ajili ya wote, waliouawa njiani na walionyongwa.

Mwenye kutaka kwenda achague miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, achukue maji ya kunywa na viatu vya kutembea juu ya matumbawe, apatane bei na nahodha kabla ya kupanda. Ajipe siku mbili za Kisiwani, maana sisi moja haikututosha, na Songo Mnara hatukuiona. Kijana ameanza kuniomba tena.